Uso wa Fedha na Shaba

Maiti ilipatikana Jumamosi jioni katika chumba cha majoho ya kwaya, nyuma ya ukumbi wa mji wa Eldoret, na jambo la kwanza ililofanya baada ya kupatikana ni kukoroma.

Konstebo Kimutai, aliyeigundua, hakuusikia mkoromo huo. Wakati huo alikuwa tayari nje, akipuliza filimbi. Alikuwa ameingia chumbani kutafuta kiti, kwa sababu kulinda mlango wa nyuma wa onyesho la mitindo ni kazi ya kusimama na serikali haikuwa imeifikiria miguu yake. Badala ya miguu ya kiti akakuta miguu miwili ya mtu, mirefu sana, imetokeza chini ya rundo la majoho mekundu.

Inspekta Wangila wa idara ya upelelezi alifika akiwa na suti ya kijivu na uso wa mtu aliyetolewa kwenye mechi kabla ya kipindi cha pili. Alipiga goti, akaweka vidole viwili kwenye shingo ya marehemu, akasubiri.

"Afande, niandike amekufa saa ngapi?" Kimutai aliuliza.

"Hajakufa. Amelala."

Kimutai alifuta neno moja na kuandika lingine.

Marehemu aliyelala aliitwa Jeruto. Alikuwa mwanamitindo mkuu wa siku hiyo, msichana mrefu aliyewahi kuwa mkimbiaji kule Kaptagat mpaka goti lake likagoma. Alikuwa amevaa shimizi. Uso wake ulikuwa mtupu, hauna hata chembe ya rangi.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka kuwa kesi. Maiti ilipopatikana, upande wa pili wa pazia ukumbi mzima ulikuwa bado unampigia makofi. Dakika chache tu kabla ya hapo watu wote wale walikuwa wamemwona Jeruto huyo huyo akitembea jukwaani, uso mzima umepakwa rangi ya fedha.

"Si ametoka jukwaani sasa hivi?" alisema Mama Habiba, mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyeandaa onyesho. "Mimi mwenyewe nimeita jina lake kwa kipaza sauti. Ameenda, amerudi. Huyu amezimia na njaa, Inspekta. Tangu asubuhi hajala, ati gauni lisimbane."

"Na rangi ya usoni imeenda wapi?"

Mama Habiba aliinama, akaangalia, akainuka. Alifungua mdomo na kuufunga bila kutoa kitu. Waliomfahamu walisema baadaye kwamba hilo lilikuwa tukio la ajabu kuliko maiti yenyewe.

Jeruto alibebwa kupelekwa hospitali. Inspekta alikagua chumba cha kuvalia. Juu ya meza ya rangi, katikati ya brashi na sponji, palikuwa na kikombe cha chai. Masalia yaliyobaki chini yalikuwa na ungaunga wa manjano. Wengine wote walikunywa chai ya chupa ile ile na hakuna aliyesinzia. Basi dawa ilikuwa kwenye kikombe, haikuwa kwenye chupa.

Mikoba ya watu wote ilifunguliwa. Vidonge vya manjano vilipatikana katika mkoba wa Nasra, mtoto wa dada yake Mama Habiba.

Nasra alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mafua yasiyokwisha kila mahindi yanapochanua, na nafasi katika chuo cha uuguzi alikotakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi.

"Hivi vidonge ni vya nani?" Inspekta aliuliza.

"Vyangu. Vya mafua."

"Vinaleta usingizi?"

"Sana."

"Nani alimpa Jeruto chai?"

"Mimi. Niliwapa wote."

Kwa majibu hayo matatu, ambayo yote yalikuwa ya kweli, Nasra alipelekwa seli. Inspekta hakupenda, lakini mkuu wa kituo alitaka mshukiwa kabla mgeni wa heshima hajamaliza soda yake.

Mtu wa mwisho kutoka nyuma ya pazia alikuwa Selpha, mpambaji, mwanamke aliyebuni ule uso wa fedha. Alikuwa amejifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini na kuvaa miwani ya jua, isionekane hata chembe ya ngozi yake.

"Jino," alimwambia Konstebo Kimutai kupitia kitambaa.

Kimutai aliwahi kung'olewa jino na mjomba wake kwa koleo. Alimfungulia mlango kwa heshima zote za kijeshi.

Kituoni, Inspekta alianza na Mama Habiba.

"Nieleze huo uso."

"Fedha kutoka kwa nywele mpaka shingoni. Nyusi huzioni, ni kama hakuzaliwa nazo. Hapa kwa mashavu, shaba, imechongwa kama kisu. Midomo nyeusi inang'aa. Na chini ya macho, zile karatasi za ndani ya pakiti ya sigara, zimekatwa pembetatu pembetatu, zinamulika taa. Ukumbi ulinyamaza, Inspekta. Kuna mtoto alilia."

"Ungejua ni nani yuko ndani ya uso huo?"

"Nilijua ni Jeruto."

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu nilikuwa nimesema ni Jeruto."

Inspekta aliliandika jibu hilo. Aliona kwamba watu wengi sana huwa na uhakika kwa njia hiyo.

"Na gauni?"

"Usinikumbushe gauni," alisema Mama Habiba, na hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Pindo nilipima mwenyewe mchana, Jeruto akiwa amevaa vile viatu virefu. Lilifika hapa, kwa kifundo. Kufika jukwaani linafagia vumbi. Kitambaa kizuri namna hiyo. Sijui lilirefuka vipi."

"Labda halikurefuka gauni."

"Sasa nini kilirefuka?"

"Labda mtu alifupika," Inspekta alisema, akamshukuru, akamruhusu aende nyumbani.

Halafu akashuka seli. Nasra alikuwa ameketi kwenye kona, amekumbatia magoti, akipiga chafya.

"Ulimwona Jeruto akipakwa rangi?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna mtu aliona. Selpha alitundika shuka pale kwa kona. Alisema huo uso ni siri mpaka utoke."

"Ulisikia nini nyuma ya shuka?"

"Selpha akiongea naye. 'Tulia, Jeruto. Fumba jicho. Usicheke, utaharibu.'"

"Jeruto alijibu nini?"

Nasra alifikiri. "Hakujibu. Lakini ukipakwa midomo utajibu aje?"

"Hata kuguna?"

"Hata kuguna."

"Kwa kawaida ni mtu wa kunyamaza?"

"Jeruto? Huyo anaongea hata akipiga mswaki."

Inspekta alisimama kuondoka.

"Afande," Nasra alisema. "Jumatatu nisipofika, nafasi yangu inapewa mtu mwingine. Wako wengi wanangoja. Na wakisikia nililala seli kwa sababu ya kutilia mtu dawa, nani atanipa mgonjwa nimshike?"

"Najua."

"Unajua tu, ama unafanya kitu?"

Mshukiwa hana ruhusa ya kumhoji afisa. Inspekta Wangila alijikumbusha kanuni hiyo huku akipanda ngazi, na kwa sababu fulani hakupata usingizi.

Jumapili asubuhi Jeruto alikuwa ameamka, ameegemea mito miwili, anakula uji wa hospitali kama mtu anayelipiza kisasi. Wageni walikuwa wamemtangulia Inspekta na habari: mama mmoja kutoka Nairobi, mwenye shule ya wanamitindo, alikuwa ameketi ukumbini kuchagua msichana mmoja wa kwenda kufundishwa. Alikuwa amemchagua yule wa fedha.

"Jana ulitembea jukwaani?" Inspekta aliuliza.

"Ndio."

"Uso umepakwa?"

"Fedha yote."

"Halafu?"

"Nikachoka, nikaenda kulala kidogo kwa majoho."

"Rangi uliitoa na nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya mfereji tu."

Inspekta aliweka mkono wake wa kushoto juu ya blanketi. Nyuma ya kiganja, kuanzia kifundo hadi vidoleni, mkono uling'aa kama bati jipya. Jana yake alikuwa amechukua brashi kutoka meza ya rangi na kujipaka, kwa ajili ya upelelezi.

"Huu nimeuosha kwa maji ya mfereji," alisema. "Nimeuosha kwa sabuni ya kipande. Nimeusugua na jivu. Mke wangu amekataa nimkatie mkate. Sasa wewe uliingia chumba cha majoho na uso mtupu kabla makofi hayajaisha. Nionyeshe huo mfereji, Jeruto, na mimi nikanawe."

Jeruto aliweka kijiko chini.

"Nikisema si mimi, yule mama wa Nairobi atachukua nani?"

"Sijui."

"Goti langu liliisha, Afande. Kocha alinipa pole na nauli. Hii ndio ilikuwa imebaki."

"Na Nasra yuko seli."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa akijifanya amelala, aliacha kujifanya. Jeruto alisukuma bakuli la uji kando.

"Sikutembea," alisema. "Nilikunywa chai nusu, ilikuwa moto, nikaiweka kwa meza ya rangi ipoe. Nikaenda kupimwa gauni. Nikarudi nikaimaliza. Kutoka hapo nakumbuka nesi."

"Kwa meza ya rangi."

"Ya Selpha. Kwani kuna ingine?"

Kikombe kilikaa mezani kwa Selpha. Lakini watu wengi walipita mezani kwa Selpha, na hakimu hahukumu meza. Inspekta alitaka kujua kitu kimoja tu: ni nani aliyekuwa ndani ya ule uso.

Mpiga picha wa mjini alikuwa amesafisha picha asubuhi hiyo kabla ya kwenda kanisani. Inspekta alizipitia akiwa amesimama mlangoni. Wanamitindo wote walikuwa wamepigwa picha pale pale, kwenye ncha ya jukwaa, mikono kiunoni. Yule wa fedha peke yake hakufika kwenye ncha. Kamera ilimnasa hatua chache kabla, mwili umeshageuka, macho chini, ncha ya vazi la begani imeinuliwa mpaka shavuni.

"Huo mgeuko ndio ulimpa ushindi," mpiga picha alisema. "Yule mama wa Nairobi alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Ati ni mtindo mpya kabisa."

"Nani alikuwa ameketi kwenye ncha ya jukwaa?"

"Mgeni wa heshima. Mzee Wasike."

Mzee Wasike alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama na mwenye malori yanayobeba mahindi kutoka Moiben. Walimkuta nyumbani, ametoka kanisani, bado amevaa tai na beji ya chama. Aliwakaribisha sebuleni na kuagiza maziwa. Inspekta alimwonyesha picha.

"Huyu," Mzee alisema, akigonga picha kwa kidole. "Nataka kuwaambia kitu kuhusu huyu. Hao wengine walikuja mpaka karibu wanikanyage vidole. Mmoja alinikonyeza. Mimi, mzee wa kanisa. Lakini huyu alikuja vizuri, kichwa juu, kama simba. Halafu akaniona. Akashusha macho, akajifunika na nguo, akageukia ukutani, akarudi akipitia ule upande wa mbali. Nikamwambia katibu wangu, huyu msichana kwao kuna watu. Nilisimama nikampigia makofi."

Kimutai alikuwa akiandika. Inspekta hakuandika. Kikombe cha maziwa kilikuwa kimesimama hewani mbele ya mdomo wake.

Inspekta Wangila alizaliwa Kimilili, Mbukusu mtoto wa Mbukusu, kama Mzee Wasike. Kwao, mke wa kijana hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye mahindi. Mkwe wa kiume na mama mkwe ni vivyo hivyo. Wangila mwenyewe, pamoja na cheo chake chote, aliwahi kuchuchumaa ndani ya mtaro sokoni mpaka mama mkwe wake alipomaliza kuchagua nyanya. Mama huyo alichagua nyanya polepole sana.

Mtu akifunzwa hivyo, miguu hufanya yenyewe. Haingoji kichwa.

"Mzee," alisema, "jana nyuma ya pazia kulikuwa na mtu wa nyumba yako?"

"Mke wa kijana wangu wa pili. Selpha. Lakini yeye ni wa kupaka rangi tu. Hiyo ni kazi, sikumkataza. Kutembea mbele ya wanaume ndio nilikataa, siku ile walioana. Zamani alikuwa anafanya hayo mambo."

"Alijua utakaa pale mbele?"

"Hata mimi sikujua. Mkuu wa wilaya alishindwa kuja, wakanitafuta mimi. Nilifika yamebaki magauni machache, wakaniwekea kiti." Mzee alirudisha picha. "Kwa nini unauliza?"

"Ni kazi tu, Mzee," alisema Inspekta. Alimaliza maziwa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu hakutaka kuyaacha na pia hakutaka kukaa.

Selpha aliishi mtaa wa West Indies. Mumewe alikuwa safarini na lori la baba yake. Walimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, amejisugua uso mpaka ngozi imekuwa nyekundu, anatafuna mahindi ya kuchoma. Yalikuwa mahindi magumu, ya mwisho wa jiko, na aliyatafuna pande zote mbili za mdomo.

"Hamjambo," alisema.

"Hatujambo, mama. Jino limepona?"

Gunzi lilisimama njiani.

Konstebo Kimutai aliivua kofia yake taratibu. "Na mimi nilikufungulia mlango," alisema. Kwa miaka iliyofuata hakufungulia mtu yeyote mlango bila kumwomba acheke kwanza.

Kituoni walimpa kiti. Inspekta aliketi upande wa pili wa meza, Kimutai akashika kalamu.

"Jeruto alipokuwa jukwaani, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia. Nimeshika kioo."

"Jeruto hakuwa jukwaani. Alikuwa chini ya majoho."

"Basi labda ni msichana mwingine."

"Wengine walikuwa wamepanga mstari na Mama Habiba, wakingoja wimbo wa mwisho."

"Nasra?"

Inspekta alimtazama. Selpha aliangalia dirisha.

"Nasra alikuwa upande wa wageni, anakusanya vikombe," Inspekta alisema. "Aliyevaa gauni ni mfupi kuliko Jeruto. Alijipaka mwenyewe nyuma ya shuka huku akimsemesha mtu ambaye hayuko. Na alipomwona Mzee Wasike, alikimbia. Nimeuliza mji mzima, Selpha. Wasichana wote wale, hakuna mwingine wa kumkimbia Mzee Wasike. Mmoja hata alimkonyeza."

Alitelezesha picha juu ya meza.

Selpha hakuigusa. Aliitazama akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, jinsi watu wa kazi yake wanavyotazama.

"Huyu ni mimi?"

"Wewe niambie."

"Sikuwa nimejiona. Nilijipaka kwa kioo kidogo, kipande kwa kipande." Aliinama zaidi. "Shavu la kushoto shaba imezidi."

Kimutai alimtazama Inspekta, hajui kama hilo ni la kuandikwa. Inspekta aliitikia kwa kichwa. Hapo maungamo yalikuwa yameanza.

Alieleza kila kitu, akianza na nyusi. Nyusi unazilaza kwa sabuni ya kipande iliyolainishwa, tabaka juu ya tabaka, mpaka zipotee. Ngozi unaipaka glisirini ili rangi ishike. Wapo wanaotumia unga wa fedha wa mafundi wa mabango, lakini ule unachoma uso, kwa hiyo yeye alinunua rangi za kope, akazisaga, akazichekecha kwa soksi ndefu ya kike. Fedha unaigonga na sponji, huipanguzi. Shaba unaivuta kutoka sikioni kuja mdomoni, kwa mkono usiotetemeka. Karatasi za sigara unazibandika mwisho kabisa, na ukishazibandika hucheki.

"Mwezi mzima nilikuwa naijaribu kwa mkono wangu," alisema. "Na mwezi huo wote nilikuwa namfundisha Jeruto kutembea. Namwambia, tembea kama maji. Anatembea kama mita elfu tano. Nilikuwa natembea mbele yake nimwonyeshe. Siku moja nikaona, uso ukiwa hivi, hata mama aliyenizaa hawezi kunijua. Nikasema mara moja tu. Niende, nirudi, nitoe rangi, nimwamshe Jeruto achukue makofi yake."

"Kwa nini hukumwomba akuachie?"

"Ilikuwa siku yake. Wewe ungekubali?"

"Vidonge?"

"Kwa mkoba wa Nasra. Ulikuwa wazi. Mimi nikinywa viwili nalala kama gogo. Jeruto ni mrefu, nikaongeza. Aliposhikwa na usingizi nikamwongoza mpaka kwa majoho."

"Hakuwa amekula. Angekufa."

"Najua." Sauti yake ilishuka. "Kabla sijapanda jukwaani nilimpitia. Niliweka kidole kwa pua. Alikuwa anapumua polepole sana."

"Halafu?"

"Halafu wimbo ukaanza. Nikaenda."

Kalamu ya Kimutai ilisimama. Inspekta alingoja mpaka ikaandika.

"Na Nasra?" aliuliza. "Kulikuwa na usiku mzima."

Selpha aliigeuza picha kifudifudi.

"Nilidhani mtamwachilia jioni ile," alisema. "Asubuhi nikasema, nikitoka kanisani nitaenda. Nikatoka kanisani, nikachoma mahindi."

Nasra alifunguliwa mlango. Alirudishiwa mkanda, saa na mkoba. Vidonge vilibaki, vikiwa sasa ni kielelezo, na alitia sahihi akipiga chafya. Kwenye ukumbi wa kituo alikutana na Selpha akipelekwa kuchukuliwa alama za vidole.

"Ulikuwa unajua niko ndani," Nasra alisema.

"Nilikuwa najua."

"Na tulikuwa tunakula sahani moja pale kwa mama mdogo."

Selpha alipelekwa ndani. Nasra aliketi kwenye benchi la nje kumngoja Mama Habiba aje amchukue.

Inspekta alipiga simu Nairobi, kwa sababu Jeruto alikuwa amemwomba. Yule mama alisikiliza habari yote na kusema kwamba, kwa kweli, yeye alikuwa amechagua mgeuko, hakuchagua msichana. Kama Jeruto alikuwa na miguu, aje, kugeuka angefundishwa. Inspekta aliweka simu chini na kuitazama kidogo.

Kabla giza halijaingia Mzee Wasike alifika. Katibu wake alikuwa amesikia, na mwenyekiti wa tawi husikia kila anachosikia katibu. Alivuka ua akiwa bado na tai, akafika mlango wa ofisi, akasimama ghafla. Ndani, Selpha alikuwa ameshageukia ukutani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye benchi la nje kando ya Nasra, akazungumza akitazama ua.

"Inspekta, mwulize. Kama alitaka kutembea, kwa nini hakuniomba?"

Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka seli. Hata hivyo Inspekta alisimama mlangoni, akageuka ndani, akarudia neno kwa neno. Sheria ina taratibu zake na Wabukusu wana zao.

"Mwambie Mzee," Selpha aliuambia ukuta, "ningemwomba kwa mdomo gani? Miaka saba niko kwake. Hatujawahi hata kusalimiana."

Inspekta aligeuka nje, akarudia.

Mzee Wasike alivua beji yake, akaipangusa kwa kidole gumba, akairudisha. Nasra alipiga chafya. Mzee alimtazama, akatoa leso yake safi ya Jumapili na kumpa bila kusema kitu.

"Mwambie hivi," alisema mwishowe. "Kesho asubuhi kwanza nampeleka huyu mtoto chuoni, mimi mwenyewe. Nitawaambia walimu wake aliyekosa ni nyumba yangu, si yeye. Nikitoka hapo nakuja kortini. Wakili nitatafuta leo."

Inspekta alirudia.

"Na mwambie nitaketi kiti cha nyuma kabisa," Mzee alisema. "Yeye aangalie mbele, kwa hakimu. Asigeuke."